Uwekaji wa lebo kwenye ramani vekta

Uwekaji wa lebo kwenye ramani vekta ni kazi ya kuonyesha juu ya ramani thamani zilizomo katika jedwali la data, kama vile jina la mto, namba ya kiwanja au idadi ya watu, kwa kutumia programu ya ramani. Ramani vekta huundwa kwa nukta, mistari na poligoni. Kila umbo lina safu mlalo yake katika jedwali, na lebo husomwa humo. Mchoraji haandiki namba kwa mkono. Huiambia programu isome safu wima ipi, na data ikirekebishwa ramani nayo hubadilika. Kwa sababu hiyo lebo mbovu mara nyingi ni jedwali bovu lililojitokeza juani.

Programu huria zinazotumika sana kwa kazi hii ni QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na GRASS GIS, iliyozaliwa katika maabara ya jeshi la Marekani huko Illinois miaka ya 1980.

Chukua ramani ya mikoa 31 ya Tanzania inayotakiwa kuonyesha matokeo ya sensa ya mwaka 2022. Mipaka huwa katika faili moja, na hesabu za watu katika jedwali jingine. Ni salama zaidi kuviunganisha kwa namba ya mkoa kuliko kwa jina, maana “Dar es Salaam” na “Dar-es-Salaam” kwa kompyuta ni vitu viwili. Hata namba ina mtego wake: msimbo 07 ukifunguliwa kama tarakimu hugeuka 7, na mkoa hukosa mwenzake. Faili za aina ya shapefile nazo hukata majina ya safu wima yanayozidi herufi 10. Safu za idadi_ya_wanaume na idadi_ya_wanawake zote hubaki idadi_ya_w, programu ikalazimika kuzitofautisha kwa tarakimu, na mchoraji asiyekagua anaweza kuandika hesabu ya wanaume akidhani ni ya wanawake.

Lebo inaweza kubeba thamani zaidi ya moja. Katika QGIS, jina na idadi huunganishwa kwa alama ||, jina la safu likiwa ndani ya alama za kunukuu mbilimbili na maandishi ya kawaida ndani ya alama mojamoja. Ikiwa kisanduku kimoja ni kitupu, yaani NULL, jibu lote huwa tupu na lebo nzima hupotea, pamoja na jina lililokuwepo. Kitendaji concat huepusha hilo, kwa kuwa hukichukulia kisanduku kitupu kama maandishi yasiyo na herufi.

Ugumu mkubwa zaidi ni mahali pa kuiweka lebo. Mchora ramani wa Uswisi, Eduard Imhof, aliandika kanuni zake mwaka 1962, na mwaka 1972 Pinhas Yoeli akaonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kukabidhiwa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilithibitishwa kwamba kupanga lebo nyingi zisigongane ni miongoni mwa matatizo ambayo hayana njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu bora kila mara. Programu basi hukisia vizuri iwezavyo, na lebo iliyokosa nafasi huachwa bila taarifa.

Uachaji huo ndio hatari ya kuangaliwa kuliko zote. Dar es Salaam ni mkoa mdogo kuliko yote ya Bara kwa eneo, lakini wenye watu wengi kuliko wote nchini: 5,383,728. Kwenye ramani ya ukurasa mmoja lebo yake ndiyo rahisi kukosa nafasi, na msomaji akiona patupu ataamini kwamba hakuna takwimu. Dawa ni kuipa lebo kipaumbele kulingana na idadi yenyewe, kuisogeza hadi baharini na kuifunga kwa mstari wa kiungo, jambo ambalo QGIS inaliwezesha tangu toleo la 3.10, na kuwasha kitufe kinachoonyesha lebo zilizoachwa kabla ya kuchapa.

Mkoa wa Pwani una tatizo la kinyume. Kisiwa cha Mafia ni sehemu yake, kwa hiyo poligoni yake ina vipande zaidi ya kimoja. Programu ikiagizwa kuandika lebo kwa kila kipande, idadi ya mkoa mzima itatokea nchi kavu na tena juu ya Mafia, na atakayejumlisha namba za ramani atawahesabu watu walewale mara mbili. Lebo ya thamani iandikwe kwenye kipande kikubwa peke yake. Jina la kisiwa litoke katika tabaka jingine.

Lebo zinazobaki pasipofaa husogezwa kwa mkono hadi mahali panapofaa. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, QGIS huweza kuhifadhi mahali hapo katika hifadhi ya pembeni ya mradi bila kugusa data asilia. Mahali hapo huchaguliwa kwa kuangalia kipimo fulani cha ramani, hivyo ramani ikikuzwa au kupunguzwa lebo hizo hukaguliwa upya.