Majanga ya magonjwa na ustawi wa wanawake na wanaume, Kyela

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, pamoja na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kutoka Mto Songwe hadi Matema, ni nchi ya Wanyakyusa, mpunga na kakao. Janga la UVIKO-19 halikuwalemea wanawake na wanaume wa huko kwa namna moja. Tofauti ilitokana zaidi na mahali kila mmoja anapopatia faraja.

Mafua ya 1918

Kabla ya UVIKO-19, mafua ya 1918 yalifuata njia za askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa upagazi. Mashamba na wagonjwa viliachiwa wanawake.

Msiba

Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliueleza msiba kwa undani. Wanawake hujaa ndani ya nyumba, wamebanana kumzunguka marehemu, wakilia huku wameshikana. Wanaume hukaa nje. Ukristo umebadili mengi, ila mpangilio wa ndani na nje bado unaonekana.

Mwaka 2020 miongozo ya afya ilitaka waombolezaji wawe wachache na wasigusane. Sharti hilo liliwaumiza wanawake zaidi. Mwanamume aliyesogeza kiti mbali kidogo na mwenzake chini ya mwembe bado yumo msibani. Mwanamke asiyeruhusiwa kumkumbatia mfiwa amenyang'anywa kazi yake yote, na mjane amenyimwa mikono aliyoitegemea. Juni 2020 Rais Magufuli alitangaza kuwa nchi haina tena korona. Watu wakarudi kukaa walivyozoea, kwa faraja kubwa na kwa hatari kubwa vilevile. Chanjo ya kupunguza hatari hiyo ilizinduliwa nchini Julai 28, 2021.

Kwa upande wa faraja ya wanaume, Wilson alieleza vijiji vya marika, ambako vijana wa rika moja walijenga, wakala na kuzungumza pamoja. Vijiji hivyo havipo tena, lakini kijiwe, mahali wanaume wanapokaa na kuzungumza, kipo. Aliyeishiwa hela hukikwepa kwa aibu ya kunyweshwa chai na wenzake kila siku, na hakuna anayekwenda kumwulizia.

Biashara na shule

Masoko hayakufungwa, jambo lililowanusuru wanawake wa Kikisi wanaouza vyungu Lyulilo, karibu na Matema. Wafanyabiashara wadogo wa mpakani Kasumulu walitegemea pia maamuzi ya Malawi. Shule zilifungwa Machi 17, 2020. Zote zilikuwa zimefunguliwa kufikia Juni 29. Msichana aliyepata mimba katika kipindi hicho hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali hadi tamko la serikali la Novemba 24, 2021 lililoondoa katazo hilo. 

Hali ya sasa

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga, wanawake na vijana wakiathirika zaidi. Vijijini Kyela kazi ya kuliwaza ingali mikononi mwa majirani na makanisa, ya Moravian na ya Kilutheri yakiwamo, hasa vikundi vya akina mama.