Kirusha ishara cha dharura na usajili wake

Viwanjani, marubani na mafundi hukiita kwa herufi tatu tu: ELT, yaani “emergency locator transmitter”. Ni kisanduku kinachofungwa aghalabu upande wa mkiani, kwa kuwa mkia mara nyingi husalimika ndege inapoanguka. Kikipata kishindo kikubwa hujiwasha chenyewe. Kwa Kiswahili nakiita kirusha ishara cha dharura. “Kitafuta mahali” hakifai, kwani chombo hiki hakitafuti chochote. Kinaita, nao watu ndio wanaotafuta. Wala tusikichanganye na kisanduku cheusi, ambacho huwatunzia wachunguzi kumbukumbu za safari.

Kinaita kwa namba. Kila baada ya sekunde 50 hivi hurusha ishara ya takriban nusu sekunde, katika masafa ya megahezi 406, kwenda kwenye setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioasisiwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Ishara hiyo hubeba namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 15. Virusha ishara vya zamani vya megahezi 121.5 havikuwa na namba yoyote, na tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti haziwasikilizi tena wenye navyo.

Sasa namba peke yake haimwambii mwokoaji jambo kubwa. Usajili ndio unaoifungamanisha na mwenye ndege: simu zake, simu za jamaa au ofisi ya kupigiwa, alama za ndege, aina yake, rangi yake, na uwanja inakolala. Rangi si pambo, maana anayechungulia pori kutoka angani lazima ajue anatafuta bawa jeupe au jekundu.

Ishara inapofika kituo cha uokoaji, ofisa wa zamu hunyanyua simu. Ishara nyingi huwa za bahati mbaya: ndege imetua kwa kishindo, au fundi amegusa swichi akiwa kazini. Mwenyewe akijibu kwamba ndege iko karakana, jambo limekwisha. Akijibu kwamba imeondoka uwanja wa Wilson asubuhi kuelekea Lodwar ikiwa na abiria wanne, msako unajua pa kuanzia. Pasipo usajili ofisa hana wa kumpigia, na dakika hizo za kuulizia huku na huko majeruhi hawezi kuzilipia.

Ndege zinazonunuliwa nje ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Ndani ya namba mna tarakimu za nchi: 634 ni Kenya, 674 ni Tanzania. Ndege ikibadilishiwa alama kuwa 5Y ya Kenya au 5H ya Tanzania, kirusha ishara kikaachwa na namba ya zamani, ishara ambayo setilaiti hazijaipatia mahali itapelekwa kwa nchi ilikotoka, na simu italia kwa mtu aliyekwisha kuiuza. Kwa hiyo namba ipangwe upya karakanani, kisha isajiliwe kwa mamlaka husika kabla ndege haijaruka.