Poromoko la Theluji na Matabaka Yake

Ukimtajia mtu wa Bilele, mjini Bukoba, maporomoko, huenda akakuuliza: ya Rusumo? Mkoani Kagera neno hilo ni la maji ya mto yanayoanguka usiku na mchana, na pale Ngara yamejengewa mtambo wa megawati 80 unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa msomaji huyo, "maporomoko ya theluji" ni mahali pa kwenda kupiga picha. Kumbe wanaozungumzia milima ya Alps wanamaanisha tukio: theluji imetulia wiki nzima, kisha mteremko mzima unaondoka kwa sekunde chache na watu wake. Napendelea umoja, poromoko la theluji. Mmomonyoko haufai kabisa, kwa sababu huo hula ardhi polepole.

Kazi kubwa ni kuitaja theluji yenyewe kabla haijaporomoka. Wapo wanaoandika "lundo la theluji", nami silikubali. Lundo halina mpangilio. Theluji ya mlimani hujipanga: kila inapoanguka hutandaza tabaka, na kila tabaka hubadilishwa na upepo, jua na baridi. Baadhi hugeuka punje kubwa zisizoshikana. Hilo ndilo tabaka dhaifu. Likifunikwa na bamba gumu, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kulivunja, na bamba lote likateleza. Hatari kubwa iko kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, maana iliyo mikali zaidi humwaga theluji kidogo kidogo kabla haijajaa. Basi tuseme matabaka ya theluji.

Bukoba na Muleba hakuna theluji, ila tabaka dhaifu si jambo geni Tanzania. Tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulishusha tope, mawe na magogo hadi Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Magazeti yaliandika "maporomoko ya tope", na yalieleweka kwa sababu tope halina Rusumo yake.

Wewe uliye masomoni Uswisi, kwenye Alps zenyewe, soma taarifa ya siku hiyo kuhusu hatari ya poromoko la theluji kabla ya kupanda mlima. Kipimo chake kina ngazi 5, na vifo vingi hutokea kwenye ngazi ya 3, ambayo wageni huidhania ya wastani.