Mpira wa Mtoto Johnny (Vitu Tunavyovitunza, Sehemu ya 5)

Nimetoka zamu, chai iko mezani, tuendelee.

Wiki iliyopita dada mmoja alinitumia picha inboksi. Mume wake yuko Marekani, kamnunulia mtoto wao mpira wa besiboli wenye saini ya Babe Ruth, kwa hela inayotosha ada ya mwaka mzima. Akaniuliza, "Nesi, hii ni mali kweli?" Mimi si mtu wa minada, ila niliingia kusoma, na nikakutana na mtoto mgonjwa.

Mwaka 1926 huko New Jersey, Johnny Sylvester, miaka 11, alikuwa kitandani hoi baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Ruth ndiye alikuwa nyota wa besiboli kuliko wote. Johnny akaletewa mipira miwili, mmoja umesainiwa na wachezaji wa Yankees, mwingine na wa Cardinals, timu mbili za fainali. Kwenye ule wa Yankees, Ruth aliahidi kumpigia mpira mmoja hadi nje ya uwanja siku ya Jumatano. Jumatano hiyo, tarehe 6 Oktoba, aliupiga nje mara tatu! Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwenye mechi moja ya fainali zile.

Johnny akapona, na magazeti yakaandika kwamba Ruth ndiye aliyemponya. Hapana jamani, mpira hauponyi. Lakini nimefanya kazi wodi ya watoto, najua mtoto mwenye kitu cha kusubiri kesho hata uji anaumaliza. Mwaka 1947 mambo yakageuka: Johnny, sasa mtu mzima, alikwenda kumjulia hali Ruth aliyekuwa anaumwa saratani. Ruth alifariki tarehe 16 Agosti 1948. Johnny aliishi hadi 1990.

Saini za Ruth zikawa dhahabu, na penye dhahabu matapeli hawakosi. Miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI kule San Diego walianza kufuatilia mtandao mkubwa wa saini feki. Walikuta hadi mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa wa Calcutta. Yaani mtawa wa watu, besiboli na yeye wapi na wapi?

Sasa, wanaojua wanakaguaje?

Kwanza mpira wenyewe. Zamani mipira ya ligi iligongwa jina la rais wa ligi. Joe Cronin alianza kuongoza American League mwaka 1959. Jina lake likiwa pamoja na saini ya Ruth, basi marehemu alisaini akiwa kaburini.

Pili, wino. Bolpeni zilianza kuuzwa New York mwishoni mwa 1945. Ukiambiwa Ruth alisaini kwa bolpeni mwaka 1930, funga pochi yako.

Tatu, mkono. Saini ya kweli inatiririka. Ya kughushi inachorwa polepole, inasita, inatetemeka. Ila hapa tuwe makini, maana mgonjwa naye hutetemeka. Saini inalinganishwa na nyingine za umri uleule.

Nne, shahidi. Cheti cha muuzaji peke yake hakitoshi, matapeli wale walighushi na vyeti. Tangu 2001 ligi kuu ina watu wanaoshuhudia mchezaji akisaini, kisha wanabandika stika yenye namba. Ni kama sisi na mofini: wawili tunasaini kitabuni, mmoja anatoa, mwingine anashuhudia.

Nikamwomba dada augeuze mpira, apige picha upande wa pili. Jina likasomeka vizuri kabisa: Joe Cronin. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumjibu.

Alilia. Mumewe amemrudia muuzaji, bado hajajibiwa. Na mtoto tangu zawadi ifike analala nayo, hataki kuiachia.

Nikamwambia, mdogo wangu, usimnyang'anye. Saini ni ya uongo, lakini baba aliyeutuma ni wa kweli. Chukua karatasi, andika nani kautuma, kutoka wapi, tarehe gani, iweke pamoja na kadi ya kliniki.

Na wewe unayesoma, yule mtu kwenye picha ya zamani ya bibi, jina lake umeliandika nyuma? Muulize bibi leo, yupo.

Usiku mwema.