Samadi, chokaa na makala: kwa nini majani mabaya yanazidi na dawa inashindwa

Katika Kivu ya Kusini, kama vile Walungu na Kabare, udongo wa mashamba mengi uko na asidi na umechoka. Ndiyo maana walimaji wanauongezea samadi, chokaa, majivu ao vumbi la makala. Udongo unapata nguvu, lakini majani mabaya nayo yanakula chakula kile kile. Tena, dawa ya kuua majani iliyonunuliwa kwa feza inaweza kukosa nguvu.

Samadi
Mbegu nyingi za majani zinapita katika tumbo la ngombe ao mbuzi bila kufa. Kumwaga samadi mbichi shambani ni sawa na kupanda majani. Irundikwe na kugeuzwa: joto la ndani likifika digri 55 na zaidi kwa siku kadhaa, mbegu nyingi zinakufa. Ingiza fimbo katikati ya rundo. Ikitoka na joto kali, kazi inaendelea. Kisha mbolea iwekwe ndani ya shimo la mbegu, isitawanywe shamba nzima, ili mmea ule mbele ya majani.

Makala
Vumbi la makala linashika dawa zinazopulizwa juu ya udongo mbele majani hayajaota, kama atrazini ya mihindi. Dawa inabaki imeshikwa humo, majani yanaota tu. Kupitisha kipimo kilichoandikwa kwenye chupa haifai. Hapo jembe ndilo linasaidia.

Chokaa na majivu
Vyote viwili vinapunguza asidi. Katika udongo wa asidi atrazini inaisha haraka. Asidi ikipungua, inakaa muda mrefu zaidi. Maharagi yakipandwa msimu unaofuata, yanaweza kuungua juu ya dawa iliyobaki.

Glifosati je?
Hii inaingia kupitia majani mabichi. Ikigusa udongo inashikwa na kukosa kazi. Kwa hiyo samadi ya shambani haiizuie sana. Shida iko kwenye maji ya pompi: matope, chokaa na majivu vinaifunga mbele haijafika kwenye majani. Tumia maji safi.

Kwa mihindi, hasara kubwa inatokea majani yakiachwa katika wiki 6 za kwanza. Aliyetia mbolea apange kupalilia mapema, hata kama amepuliza dawa.