Usonara: mafunzo yake na ukanda wa Shinyanga na Geita

Usonara ni ufundi wa kutengeneza mapambo kwa madini ya thamani. Mwanafunzi hujifunza kwanza kuchanganya dhahabu na fedha au shaba, kwa kuwa dhahabu tupu, yaani ya karati 24, ni laini mno kushikilia jiwe, ilhali ile ya karati 18, yenye asilimia 75 ya dhahabu, hustahimili zaidi. Akishazoea kuyeyusha, kufua, kukata kwa msumeno mwembamba na kulehemu, ndipo hufikia kupachika kito, ama kwa kukizungushia ukingo wa metali unaolazwa juu yake, ama kwa kukibana kwa vikucha vidogo, kazi inayodai jicho na subira kuliko nguvu.

Malighafi ya ufundi huu haikosekani Tanzania: mikoa ya Shinyanga na Geita, kwa pamoja, ina dhahabu na almasi. Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako mwanajiolojia John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, palipatikana mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5, karati hapa ikiwa kipimo cha uzito cha gramu 0.2, ambayo ilikatwa London, kisha masonara wa Cartier wakaipachika katika bizimu ya Malkia Elizabeth II. Inasikitisha kwamba utajiri huo haukuzaa ufundi wa kiwango hicho papo hapo: anayetaka kusomea ukataji wa vito huelekea Arusha, kwenye Kituo cha Jemolojia Tanzania, mbali na migodi hiyo. Usafishaji wa dhahabu, hata hivyo, umesogea karibu tangu kiwanda cha Mwanza kizinduliwe mwaka 2021.