Yoga: Elimu ya kuitawala akili, si kunyoosha viungo tu

Yoga inapotajwa, wengi humwona akilini mtu aliyejikunja juu ya mkeka katika jumba la mazoezi jijini Nairobi. Kujikunja huko ni sehemu ndogo ya elimu hii iliyozaliwa Bara Hindi, ambayo kusudi lake kuu ni kuitawala akili.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kufunga nira. Mkulima wa Siongiroi, Kaunti ya Bomet, aliyewahi kushika plau nyuma ya maksai hahitaji fasili ndefu: maksai asiyefungwa nira ana nguvu tele, ila shamba halilimwi. Ndivyo zilivyo fikra zinazorandaranda usiku kucha kati ya karo, deni la duka na bei ya maziwa.

Patanjali, aliyeandika Yoga Sutra zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, aliigawa njia hii katika hatua nane. Mbili za kwanza ni maadili: kutodhuru, kusema kweli, kutolimbikiza mali, kuridhika na mengineyo. Mkao wa mwili ni wa tatu, pumzi ya nne. Taamuli huja katika hatua ya saba. Anayeyaruka maadili na kukimbilia mkeka, kwa maoni yetu, amenunua ganda akaacha tunda.

Patanjali alisisitiza pia mazoezi ya kudumu na kutofungamana na matokeo. Hili la pili hueleweka vibaya, kwani si kutojali. Mwenye chai wa Kericho au Bomet huchuma mwaka mzima akingoja bonasi ambayo kiwango chake huamuliwa kwingine, na wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika mara kwa mara kuwa hulipwa kidogo kuliko wenzao wa mashariki. Falsafa hii haimkatazi kudai haki. Humtaka atenganishe lililo mikononi mwake, yaani kupalilia, kuchuma vyema na kuwahoji wakurugenzi, na lile ambalo kuliwaza saa nane usiku hakumwongezei hata senti.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Baada ya kukamua ng'ombe alfajiri, keti kwenye kigoda, mgongo wima. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole, uifuatilie. Fikra ikitoroka, irudishe bila kujilaumu. Dakika tano zatosha kuanzia. Daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza mwaka 1975 jinsi utulivu wa aina hii unavyopunguza kasi ya moyo na ya kupumua.

Baadhi ya waumini huhofia kuingizwa katika dini ya Kihindu. Hofu hiyo yastahili heshima, maana asili ya yoga ni huko. Asiyeyataka maneno ya Kisanskriti aweza kutulia kwa sala yake mwenyewe.

Hata hivyo, huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, au mawazo ya kujitoa uhai, yahitaji daktari. Wapo waliojificha kwa kuogopa polisi, kwani sheria ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Mgonjwa wa aina hiyo apelekwe hospitalini, na asiachwe peke yake njiani.